Wenye maduka Kibomet wasingoje waya

Walimu wa Fizikia watakubaliana nami kwamba ni nadra kupata mada inayofundishwa kwa ukavu kama ile ya mawimbi ya sumakuumeme. Mwanafunzi huukariri mpangilio wake, kuanzia mawimbi ya redio hadi miale ya gama, akauandika katika karatasi ya mtihani, kisha akausahau kabla ya matokeo kutangazwa. Ilhali nje ya lango la shule yake, katika vituo vya biashara kama vile Kibomet hapa Kitale, wapo wafanyabiashara wanaopoteza fedha na wakati kila siku kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwamba mada hiyohiyo ingeweza kuwaondolea adha yao.

Na adha yenyewe ni hii. Mfanyabiashara wa pembezoni mwa mji aghalabu huwa na mahali pawili pa kazi. Duka la pembejeo liko kando ya barabara, wateja walipo. Ghala la mbolea na mbegu liko mtaa wa pili, ambako kodi ya nyumba ni nafuu na lori laweza kugeuka. Au duka la vifaa vya ujenzi liko sokoni na uga wa mbao uko mita mia tano nyuma yake. Baina ya mahali hapo pawili, habari husafiri kwa miguu. Mhudumu wa dukani hupiga simu ghalani kuuliza imesalia mifuko mingapi ya mbolea. Simu isipopokelewa, kijana wa bodaboda hutumwa na karatasi. Jioni madaftari mawili huletwa meza moja, na aghalabu hayapatani.

Msimu wa kupanda ufikapo, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, jambo hili huacha kuwa usumbufu mdogo. Trans Nzoia hulisha sehemu kubwa ya nchi kwa mahindi yake, na mkulima wa huko huzihesabu siku za mvua za kwanza kama mfungwa azihesabuvyo siku za kifungo. Akifika dukani akaambiwa kwamba mbegu ya aina aitakayo imekwisha, hurudi nyumbani au huenda kwa mwingine, kumbe magunia matatu ya mbegu hiyo yamelala ghalani. Mwenye duka amepoteza mauzo. Mkulima naye amepoteza siku, na siku ya kupanda hainunuliki.

Fauka ya hayo, tangu Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilipoleta utaratibu wa ankara za kielektroniki uitwao eTIMS, na hasa baada ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 kutamka kwamba kuanzia Januari 1, 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya namna hiyo haitatambuliwa wakati wa kukokotoa kodi, mwenye mahali pawili pa kuuzia amejikuta anahitaji mtandao pote pawili. Wengi wamelitatua jambo hilo kwa njia ya mkato: wananunua bando dukani na bando jingine ghalani, simu mbili, malipo mawili, na bado duka halioni kilichomo ghalani.

Mtu atauliza: kwa nini wasivute waya? Swali ni la haki, na jibu lake liko katika vipimo. Kebo ya shaba itumiwayo kuunganisha kompyuta ina kikomo cha mita 100. Ukiipitisha hapo, ishara hufifia na habari hupotea njiani. Faiba yaweza kwenda mbali zaidi, walakini lazima ipite juu ya nguzo au chini ya ardhi, na ardhi iliyo kati ya duka na ghala si ya mwenye duka. Kuna shamba la jirani, kuna ua wa kanisa, na kuna barabara. Kuchimba mtaro kukatiza barabara kuu si kazi ya jembe na sururu tu. Kunahitaji kibali cha mamlaka inayohusika, na mwenye duka moja hana nguvu ya kukifuatilia kibali hicho ofisi baada ya ofisi.

Kati ya paa na paa, hata hivyo, hakuna mwenye kudai hewa.

Kinachopendekezwa hapa ni kiungo cha redio cha kutoka nukta moja hadi nyingine. Antena ndogo hufungwa juu ya duka, na nyingine juu ya ghala, zikatazamana. Kila moja huunganishwa kwa kebo fupi na swichi au ruta iliyo chini yake. Tangu hapo kompyuta ya dukani na ile ya ghalani huwa kana kwamba zimo chumba kimoja: daftari la bidhaa ni moja, printa yaweza kuwa moja, kamera ya ulinzi ya ghalani yaweza kutazamwa dukani, na mtandao unaolipiwa dukani hutumika kote kuwili. Jozi ya vyombo hivyo haigharimu zaidi ya simu ya kisasa ya daraja la kati. Nimesikia watu wakidhani kwamba mambo haya ni ya benki na ya kampuni za Nairobi. Si kweli.

Wala si mambo ya jana. Mnamo Juni 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kutumia mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, kazi ya Norman Abramson na wenzake, kwa sababu vyuo vyake vilitawanyika visiwani na kompyuta kubwa ilikuwa Honolulu. Tatizo lao, ukiondoa bahari, ni lilelile la duka na ghala. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ilifungua baadhi ya masafa ya redio yatumiwe na yeyote bila leseni ya masafa, na mwaka 1997 vikatolewa viwango vya kwanza vya kile tukiitacho leo Wi-Fi. Nchi nyingine zilifuata, Kenya ikiwemo, kwa sharti kwamba nguvu ya chombo isipite kikomo na kwamba chombo chenyewe kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Na yeyote anayedhani redio hizi hufika ukutani tu na akumbuke kwamba mwaka 2007, huko Venezuela, Ermanno Pietrosemoli aliunganisha vilele viwili vya milima vilivyotengana kwa kilomita 382 kwa vyombo vya jamii hiyohiyo. Huo ni takriban urefu wa barabara kutoka Kitale hadi Nairobi.

Karibu na kwetu, mradi wa BOSCO Uganda ulianzishwa mwaka 2007 chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ukaunganisha kambi za watu waliohamishwa na vita kwa redio za namna hii na kwa umeme wa jua. Kibera nayo, vijana wa Tunapanda wamejenga mtandao wao wa redio unaofika katika shule na vituo vya jamii. Ikiwa kambi za Acholi ziliweza, sioni sababu ya kituo cha biashara chenye umeme wa stima na mafundi wa kila namna kushindwa.

Nikisema hivyo sitaki kudanganya kwamba ni kazi ya kufunga misumari miwili na kwenda zako. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu, na hapa ndipo mwalimu wa Fizikia na yule wa Hisabati wanapohitajika zaidi ya muuzaji wa vyombo.

Sharti la kwanza ni kwamba antena mbili zionane. Mtu husimama juu ya paa la duka, akaliona paa la ghala kati ya matawi mawili ya mkaratusi, akasema, "Zinaonana." La hasha! Wimbi la redio halisafiri kama uzi uliovutwa. Huvimba katikati ya safari yake, likawa na umbo la yai refu au, niseme, la muhogo mnono katikati na mwembamba ncha zote mbili. Umbo hilo huitwa ukanda wa Fresnel, kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Augustin Fresnel aliyefariki mwaka 1827, miaka mingi kabla ya redio kuwapo; yeye alikuwa akishughulika na mwanga, na kanuni zake zikaja kuwafaa mafundi wa antena. Kitu chochote kikiingia ndani ya ukanda huo, hata kama macho yanapita pembeni yake, ishara hudhoofika.

Kipenyo chake si siri. Ukichukua umbali kwa kilomita, ukaugawanya kwa masafa yaliyopimwa kwa gigahezi, ukatafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha ukazidisha kwa 8.66, utapata nusu kipenyo cha ukanda huo katikati ya njia, kwa mita. Tuseme duka na ghala vimetengana kwa mita 600, na redio zinatumia gigahezi 5.8. Nusu kipenyo ni takriban mita 2.8. Mafundi wanakubaliana kwamba angalau asilimia 60 ya kipimo hicho iwe wazi, yaani kama mita 1.7 kila upande wa mstari unaounganisha antena. Mwanafunzi wa sekondari ana kila kinachohitajika kuifanya hesabu hiyo. Angefanya nini zaidi? Angepima urefu wa mti kwa pembe na tanjenti, jambo ambalo hulifanya kila muhula kwa miti ya kufikirika iliyochorwa kitabuni, ilhali mikaratusi halisi imesimama nje ya dirisha la darasa.

Masafa yenyewe nayo yanataka uamuzi. Gigahezi 2.4, ambayo ndiyo ya zamani, ina urefu wa wimbi wa sentimita 12.5 na hupenya vizuizi vidogo afadhali kidogo. Lakini imejaa. Ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na kila ruta ya kila hoteli na kila kibanda cha M-Pesa imeketi mojawapo. Gigahezi 5.8 ina wimbi la sentimita 5 na kidogo, nafasi yake ni pana, na antena yake ni ndogo. Kwa kazi ya nukta mbili zinazoonana vizuri, mimi naipendelea hiyo ya pili bila kusita.

Malalamiko makubwa juu ya viungo hivi ni kwamba mvua ikinyesha hukatika. Watu husadiki hivyo kwa kuwa dishi za televisheni hufanya hivyo. Dishi hizo, hata hivyo, hutumia masafa ya juu zaidi na hupokea kutoka setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani. Kwa gigahezi 5.8 na umbali wa nusu kilomita, matone ya mvua hayapunguzi chochote cha kutajwa. Kiungo kikikatika wakati wa mvua, mchunguze fundi kwanza. Huenda maji yameingia katika plagi isiyofungwa vyema, au mlingoti umetikiswa na upepo ukageuza antena, au matawi yaliyolowa yameinama ndani ya njia ya wimbi.

Radi ni jambo jingine, na katika hilo sina mzaha. Nyanda za magharibi ya Kenya, kuanzia Elgon hadi Kakamega, zinafahamika kwa ngurumo za alasiri. Mlingoti wa chuma juu ya paa usio na waya wa ardhi ni mwaliko. Waya mnene wa shaba uteremke kutoka mlingotini hadi fito iliyozikwa ardhini, na kebo inayoingia ndani ya nyumba iwe na kinga ya mshtuko. Vifaa hivi huongeza gharama, na ndivyo vya kwanza kuachwa na fundi anayetaka kuonekana rahisi. Mwenye duka asikubali.

Kuhusu stima kukatika, hesabu ni nyepesi. Redio ya aina hii hutumia kama wati 8, na ruta iliyo chini yake kama wati 10. Betri ya gari ya volti 12 na saa-ampea 50 ina saa-wati 600. Ukiitumia nusu tu ili usiiue, wapata saa-wati 300, zinazotosha kuendesha vyombo hivyo viwili kwa zaidi ya saa 16. Sehemu nyingine ya usalama ni nywila. Fundi huacha ile iliyotoka kiwandani, inayojulikana na kila mtoto mtundu. Daftari la duka la pembejeo lina majina ya wakulima na madeni yao, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 mwenye duka ana wajibu wa kisheria juu ya majina hayo. Kiungo kifungwe kwa usimbaji wa WPA2 au ulio bora zaidi, na nywila ibadilishwe siku ileile ya kukifunga.

Sasa nijibu hoja ya wale wasemao kwamba yote haya ni ya bure maadamu faiba inaenea mijini na mtandao wa simu una kasi. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Faiba ya kampuni humuunganisha mtu na dunia. Kiungo ninachokitetea humuunganisha na ghala lake mwenyewe. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, mtandao ulilegea Afrika Mashariki nzima, na maduka yaliyoweka daftari lao katika kompyuta za mbali yakakaa yakingoja. Duka na ghala vilivyounganishwa kwa redio, vyenye kompyuta moja ya kutunzia hesabu dukani, havikuwa na sababu ya kusimama siku ile, isipokuwa kwa ankara za KRA na malipo yanayopitia nje. Habari ya mifuko mingapi imesalia haina haja ya kwenda Mombasa, ikavuka bahari, ikarudi Kibomet ili ifike mita mia sita.

Ipo tahadhari moja ya kisheria. Kuunganisha majengo yako mawili ni jambo lako. Kumuuzia jirani mtandao kupitia antena yako bila leseni ni kosa, hata kama unampunguzia bei. Kwa wanaotaka kugawana kama jamii, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwaka 2021 utaratibu wa leseni kwa mitandao ya kijamii, na ni mlango ambao vyama vya ushirika vya wilaya hizi, hasa vya maziwa na mahindi, vingefaa kuubisha.

Nirudi kwa walimu na wanafunzi, ambao ndio hasa niliowakusudia. Wafanyabiashara hawataianza kazi hii peke yao, kwa maana hawajui wamuulize nani. Huita fundi, naye huuza alicho nacho. Lakini Kitale ina Chuo cha Taifa cha Ufundi, yaani Kitale National Polytechnic, na Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, ambavyo vyote hufundisha masomo ya kompyuta. Shule za sekondari zina vilabu vya sayansi ambavyo kila mwaka hutafuta mradi wa kupeleka kwenye kongamano la sayansi, na aghalabu huishia kwenye volkano ya unga na siki. Kwa nini klabu moja isipime njia ya redio kati ya duka na ghala la mzazi mmoja, ikachora ramani ya vizuizi, ikakokotoa ukanda wa Fresnel na urefu wa milingoti, kisha ikamkabidhi mzazi huyo ripoti ya kurasa mbili? Kupanda juu ya paa na kufunga vyombo kuachiwe fundi aliyehitimu. Mtoto wa shule hana kazi juu ya bati. Upimaji hauhitaji zaidi ya futi kamba, kipima pembe kilichotengenezwa kwa protrakta na uzi wenye jiwe, na simu ya kuonyesha majira ya mahali.

Shule zenyewe zina haja ileile. Ziko zilizo na ofisi ya mhasibu upande mmoja wa barabara na mabweni au bohari ya chakula upande wa pili, na mkuu wa shule hulipia mtandao mara mbili kutoka katika karo ya wazazi. Mwalimu mkuu anayetaka kuwashawishi magavana wa shule atakuwa na hoja yenye nguvu zaidi akiwaonyesha vipimo vilivyofanywa na wanafunzi wao wenyewe.

Klabu itakayokubali kazi hii iangalie majira ya mwaka. Ikipima Januari au Februari, mashamba yakiwa matupu, itaona njia nyeupe kutoka bati hadi bati. Tuseme antena zimefungwa kwenye paa la veranda, mita 3.5 kutoka ardhini, kwa vile kiungo kilifanya kazi vizuri kabisa siku ya majaribio. Kufikia Julai au Agosti mahindi ya shamba la katikati yatakuwa yamefika mita 3. Itabaki nusu mita tu chini ya mstari, pale ambapo mita 1.7 zilihitajika, na duka litaanza kulaumu kampuni ya simu. Antena hizohizo zikiinuliwa juu ya milingoti ya mita 6, mahindi yatapita chini ya zile mita 1.7 zinazohitajika, na nafasi ya zaidi ya mita moja itasalia. Mikaratusi michanga nayo ikadiriwe kwa urefu itakaokuwa nao baada ya miaka mitano, wala si kwa ule wa siku ya kupima.